Daftari la Mahfudh

Mahfudh alilamba kidole,
akafunua ukurasa wangu,
ule wenye doa la mafuta taa pembeni,
akanionyesha: mstari mwekundu
kutoka unga wa Januari hadi kiberiti cha juzi.
Shilingi elfu nne mia tatu na sitini.
"Hudaiwi," akasema,
kisha akamgeukia mtoto aliyetaka sukari robo.

Hudaiwi.
Neno jepesi, nami likanilemea
kuliko gunia la chumvi
ninalolibeba kila siku hapa Gongoni.
"Nani kalipa?"
"Kaniapisha."
"Nitajie, nimrudishie."
"Mzee Changawa, ungekuwa nazo za kurudisha,
ukurasa huu ungejaaje?"
Wateja wawili wakacheka.
Nami nikacheka, kwa meno tu.

Jueni kwamba mimi ni mzee wa kanisa.
Mimi ndiye mshika kapu la sadaka.
Nimewafundisha neema wanaongoja ubatizo
miaka kumi na moja, kwa chaki, ubaoni:
haistahiliwi, hainunuliki, hairudishwi.
Nikawakata maksi walioandika e moja.
Na Jumapili ile niliwakagua waumini wenzangu
kama askari kwenye kizuizi cha barabarani.
Ni Jumwa, aliyeuza mbuzi? Ni mwinjilisti?
Kila aliyenisalimu kwa uchangamfu nilimshuku.
Nikaomba, "Bwana, nionyeshe ni nani,"
na maana yangu ilikuwa:
nipe mtu wa kumlipa, nisibaki hivi,
mikono wazi, kama mtoto anayenawishwa.

Siku tisa.
Ya kumi, saa saba mchana, kwenye mabwawa ya chumvi,
nilikuwa nimeinama nikikwangua ule weupe
nikaona: bahari hii sikuichota mimi.
Jua sikuliwasha.
Nimekuja na koleo tu,
na hata koleo ni la kampuni.

Nikacheka, safari hii kwa tumbo.

Ndipo jina la Kitsao likapanda kooni kama kiungulia.
Ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja.
Minazi mitatu ya marehemu baba, kule Mambrui,
aliiuza bila kuniambia,
mkewe alipolazwa hospitali ya Malindi.
Miaka mitatu sijakanyaga kwake.
Daftari langu mimi sikuliweka dukani;
nililiweka mahali pasipofika mwanga,
na kila mwaka nikaongeza riba.

Nyapara akauliza, "Waenda wapi, na zamu haijaisha?"
Ningemweleza nini?
Nikingoja jioni, nitaoga.
Nikioga, nitakula.
Nikila, nitafikiri,
na nikifikiri, kufikia kesho msamaha utakuwa na masharti:
aje yeye kwanza, aje na mashahidi,
aje na kitu mkononi.
Ninajijua.
Nikapanda bodaboda na chumvi miguuni,
nikamwambia kijana, "Kimbiza."

Kitsao alikuwa uani akisuka makuti. Hakusimama.
"Ile minazi," nikasema, nikihema, "yamekwisha. Hudaiwi."
Akaweka kuti chini. Taya likamkaza.
"Sitaki cha bure kwako, Changawa.
Korosho zikianguka nitakulipa,
mnazi mmoja baada ya mwingine."

Nikaitambua ile sauti.
Ilikuwa yangu, dukani, siku kumi nyuma.

Sikumhubiria. Maneno ya ubaoni yalikuwa yamenikauka.
Nikakaa mchangani, nikavuta lile kuti,
nikaanza kusuka upande wa pili,
vibaya, kwa vidole vilivyopasuka.
Akanitazama nikikosea. Hakuniondoa.
Mkewe akachungulia mlangoni,
akaniona, akarudi ndani bila neno,
na nikasikia kifuniko cha sufuria,
kisha maji yakimiminwa:
vikombe vingapi, sikujua bado.